Chai ya Wamarekani na Daraja la Usevya

(Hotuba ya Ndugu Zubery Iman, Mratibu wa Kamati ya Michango ya Daraja, kwa wananchi wa Usevya waliokusanyika kando ya mto.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa siku ya leo, baada ya mashauriano marefu, nimekuwa mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati, ambao wote wamepata udhuru. Waheshimiwa viongozi wa dini. Waheshimiwa wakulima wa mpunga, waheshimiwa wafugaji, na waheshimiwa ng'ombe wao waliosimama pale nyuma kwa nidhamu kubwa. Nyie nyote kwa nafasi zenu na kwa michango yenu, hasa michango yenu, nawasalimu. (Makofi ya mtu mmoja, karani wake.)

Ndugu wananchi, nimekuja kuzindua daraja, na utepe nimeshaukata kama mlivyoona, lakini lipo jambo linaniuma. Mwalimu Skolastika, anayefundisha historia hapa sekondari, amewasimulia jinsi makoloni ya Amerika yalivyojitoa mikononi mwa Mwingereza, na tangu siku hiyo mmegoma kutoa debe la nne la mpunga wa mchango mpaka mpewe mjumbe mmoja ndani ya Kamati. Kwa hiyo nimewaletea historia sahihi, iliyopitishwa na Kamati.

Ni kweli, wale walowezi walitozwa. Mwingereza alitoka vitani mfuko mtupu, akaweka kodi kwenye sukari, kwenye magazeti, hata kwenye karata za kuchezea, akamalizia na chai. Wao wakasema kule bungeni London hatuna mtu, basi hamna haki ya kututoza. Halafu wakaanza kusoma mawazo, ndugu zangu, mawazo kwamba mtu huzaliwa na haki zake, na mtawala hutawala kwa ridhaa ya anaowatawala. Wakamwaga shehena nzima ya chai baharini, wala hawakubakiza ya kunywa. Mwingereza akafunga bandari, akaongeza askari, wakapigana miaka minane, na uhuru wakauchukua. (Makofi mazito, ya kwanza tangu asubuhi.) Jamani, hapo si pa kupiga makofi.

Kosa la Mwingereza lilikuwa la kitaalamu. Alitoza chai, kitu kinachoonekana, kinachobebeka, kinachomwagika. Sisi, kwa kufuata roadmap yetu na upembuzi yakinifu wa awamu tatu, tumechangisha daraja. Nani kati yenu anaweza kulibeba daraja letu akalimwage? (Kashinje, mfugaji ambaye ndama wake wawili walichukuliwa na mamba, anageuka kuutazama mto.)

Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na nne, na hizo nne za ziada ni juhudi zangu binafsi. Awamu ya kwanza tulinunua viti vya kukalia tunapolijadili daraja, ya pili tukakaa semina siku tisa Mpanda mjini, na ya tatu ndiyo utepe huu, mita kumi na mbili, wa kung'aa. (Vicheko upande wa akina mama.)

Mama Specioza alisema kwenye kikao kwamba mkwewe alijifungulia hapa ukingoni mwezi uliopita kwa sababu zahanati iko ng'ambo, na kwamba anataka mjumbe wa kuuliza daraja lini. Nampongeza kwa kupata mjukuu. Lakini mama yangu, mjumbe akiuliza lini, kesho atauliza wapi, na Amerika ilianza hivyohivyo.

Sasa kaulimbiu. Nikisema Daraja, nyie mseme Tunalo. Daraja! (Ng'ombe mmoja tu analia.) Nashukuru, huyo ameelewa.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru kijana wetu Nkwabi na wenzake watatu walionivusha asubuhi mabegani, maji yakiwafika kiunoni, bila kulowesha hata soksi yangu. Na kwa kuwa naona mto unazidi kujaa, na gari langu liko ng'ambo, nawaomba wasogee tuondoke. (Hakuna anayesogea.) Nkwabi, mwanangu. (Nkwabi anamtazama Mwalimu Skolastika. Mwalimu anasema taratibu: "Mratibu, daraja si umeshalizindua? Pita.")

(Mratibu anayatazama maji, anarudi hatua moja nyuma. Karani wake anarudi kukaa.)

Ndugu wananchi, kuhusu yule mjumbe wenu mmoja, hebu nikumbusheni, mlisema anaitwa nani?