Nafasi ya Mvulana Nimeichukua Mimi

Jumamosi, 1 Desemba 1984

Nimeamua. Asinishauri mtu.

Sababu ni vitabu vya Kumiko. Kumiko ni binti wa mhandisi wa Kijapani ninayemfanyia kazi ya nyumba huko Lavington. Ana miaka kumi na minne, na shangazi yake humtumia kutoka kwao vitabu vya picha, vinene kama matofali, vyote vya mapenzi. Akivimaliza ananipa mimi. Mwanzoni nilivitaka vya kubandika ukutani tu, maana ukuta wangu wa udongo hapa Kabiro unamwaga vumbi hadi kwenye sufuria. Sasa chumba kizima kimejaa watu wenye macho makubwa kama visosi. Vinasomwa kuanzia nyuma. Kumiko amenifundisha, na maneno ananifasiria ninapopiga pasi.

Nimegundua jambo. Hadithi ni nyingi lakini watu ni wale wale. Msichana ni Mwangukaji: anaanguka kwenye ngazi, analia, anapika, anafunga chakula kwa kitambaa, anampelekea mtu asiyesema asante. Huyo mtu ndiye Mvulana Mnunaji. Anasimama dirishani, mkono mfukoni, kimya. Hafanyi lolote! Na shule nzima inampenda. Nilimwuliza Kumiko msichana anapata nini kwa kazi yote hiyo. Akafikiri sana, kisha akasema mwishoni huwa anatazamwa.

Kutazamwa! Miaka ishirini na minne nimefua, nimepika, nimebeba. Basi nafasi ya mvulana nimeichukua mimi. Mnunaji wa Kabiro ni Nafuna.

Wa kumnunia yupo: Nashon, fundi cherehani pale kwenye veranda ya duka, Kawangware. Mtu mpole kutoka Gem, Ujaluoni. Gauni langu moja amelikunja pindo mara tatu, na halikuwa limefumuka. Nampenda. Nimeliandika, sitalirudia.


Jumatatu, 3 Desemba

Mnunaji bila mfuko si Mnunaji. Nilimpelekea Nashon gauni nikamwambia aweke mfuko wa kulia, mrefu, mkono uingie hadi kiwikoni. Akauliza ni wa kubebea nini. Sikujibu. Akasema, "Nafuna, kwani nimekukosea?" Nikatazama mbali, kama inavyotakiwa. Kwa bahati mbaya upande wa mbali ndio wenye choo cha ploti, na mzee mmoja alikuwa anatoka. Akanipungia mkono.

Hapo akapita Caren na beseni lake la mandazi. Caren ni wa huko huko Gem, na mguu wake haujawahi kuona jiwe ukaliacha. Alijikwaa, mandazi yakatawanyika, Nashon akaacha cherehani akaenda kuokota. Wakacheka pamoja. Caren hajasoma hata ukurasa mmoja! Kipaji tu. Nilisimama imara. Nilitaka kumtia ngumi, lakini nilisimama imara.


Alhamisi, 6 Desemba

Leo nimefanya ile picha kubwa, iliyo juu ya kitanda changu: Mnunaji ananyosha mkono, anaupiga ukutani karibu na kichwa cha msichana, naye msichana anayeyuka.

Nashon alileta gauni jioni. Akasimama pale pale nilipomtaka. Nikanyosha mkono, nikapiga.

Ukuta wa kwenye kitabu ni wa mawe. Wangu ni wa Ng'ang'a, mwenye ploti ninapopanga. Mkono ulipita ukaenda hadi kwenye bega, ukatokea kwa jirani yangu Lenah, ndani ya sufuria ya ugali wa unga wa njano aliokuwa ameupangia foleni tangu alfajiri. Lenah alidhani ni mwizi. Akaushika mkono, akaupiga kwa mwiko huku akiita watu. Nashon akanivuta kiuno upande huu, Lenah akanivuta mkono upande ule. Hakuna kitabu chenye picha ya namna hiyo.

Ng'ang'a amesema ukuta uwe umekandikwa kufikia Jumapili, la sivyo nitafute kwingine. Nashon, akiwa ameshika mlango, aliniuliza polepole kama kuna kitu nilitaka kumwambia. Nilimwambia hapana.

Lakini alibabaika, nilimwona. Picha imefanya kazi.


Jumamosi, 8 Desemba

Nashon alikuja asubuhi bila kuitwa. Akakunja suruali, akamwaga maji, akaanza kuponda udongo kwa miguu. Mimi nilisimama mlangoni, mkono mfukoni. Lenah akanitazama kupitia lile tundu. "Wewe msichana! Mwanaume wa watu anakukandia udongo na wewe umesimama kama askari wa benki?" Nilimwambia hajui mambo. Akasema anajua ugali wake uliingiliwa na mkono.

Saa saba akaja Caren na samaki na ugali, amefunga kwa kitambaa. Kwa kitambaa! Nilikaribia kupiga kelele. Waliketi kwenye kibao wakala. Nashon alinikaribisha mara tatu. Mnunaji huwa hakubali chakula mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu, na baada ya mara ya tatu hakukuwa na mara nyingine. Nilibaki na harufu. Baadaye nikakwangua sufuria ya jana.

Ukuta umetoka vizuri kuliko ule wa Ng'ang'a. Nilitaka sana kusema asante. Neno lilifika kwenye meno nikalimeza.


Jumatano, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri, sikwenda kazini. Mvua ikanyesha na mimi nikafurahi, kwa sababu mvua ni ya Mnunaji. Anampa msichana mwavuli wake, hasemi kitu, anaondoka akilowa bila kugeuka nyuma.

Nikachukua mwavuli ambao mama Kumiko aliniazima wiki jana, nikaenda hadi kwenye veranda. Nashon alikuwa amefunika cherehani kwa plastiki. Nikamtia mwavuli mkononi. Akaanza, "Nafuna, hebu ngoja, mbele yako..." Sikungoja. Sikugeuka. Mbele yangu kulikuwa na mtaro.

Nataka ieleweke: sikuanguka. Wanaoanguka ni akina Caren. Mimi niliteremka haraka.


Ijumaa, 14 Desemba

Homa tangu jana. Meno yanagongana. Lenah amenipa dawa na masimango.

Kumbe ugonjwa nao umo vitabuni! Mnunaji akiugua, yule mwingine huja kumpikia uji. Na Nashon alikuja! Alikuja na chupa ya uji wa wimbi wenye ndimu, na mwavuli umekauka, umekunjwa vizuri. Akakaa kwenye kigoda. Akanigusa paji la uso kwa mkono wenye alama za sindano. Mkono ule ulikuwa baridi na mzuri sana. Nilitaka ukae hapo hadi Krismasi.

Lakini Mnunaji mgonjwa hugeukia ukutani na kusema, "Nani amekuita?" Nikageuka nikasema hivyo hivyo. Nikasikia kigoda kikisogea. Akasema, "Sawa. Uji unywe ukiwa moto."

Niliunywa wote. Nikalia. Mnunaji hulia tone moja, linang'aa. Mimi nililoanisha mto pande zote mbili, kwa sababu ya homa.


Jumapili, 16 Desemba

Amesema! Mnunaji ameshinda!

Nashon alikuja baada ya kanisa, tai imekaza shingo. Alisema Jumamosi jioni anasafiri kwa gari la moshi kwenda kwao kwa Krismasi. Mama yake amemwandikia, anataka kumwona mwanamke ambaye mwanawe anamtaja kwenye kila barua. Ametaja jina langu kwenye kila barua! Akatoa tikiti mbili, akazionyesha, akazirudisha mfukoni. "Nyar Bungoma," akaniita kwa Kijaluo, binti wa kwetu Bungoma, "mimi sina maneno mengi. Ukikuja stesheni, tutaenda. Usipokuja, nitajua, na sitakusumbua tena."

Ndiyo ilinijaa mdomoni kama maji ya moto. Nusura niipigie kelele ploti nzima isikie. Lakini kitabu ni kitabu. Sura ya mwisho, yule mwingine anaondoka na treni. Mnunaji anatokea mbio, treni imeshaanza kutembea, na yule anaruka chini akilia, wanakumbatiana. Ukisema ndiyo siku sita kabla, mbio ni za nini? Hadithi imekwisha chumbani kwangu!

Kwa hiyo nilinyamaza. Alingoja kidogo, akavaa kofia, akaenda. Roho iliniuma vibaya. Nimestahimili.


Jumanne, 18 Desemba

Nilimwuliza Kumiko kama ni kweli huwa ni treni. Akasema ndiyo, nyingi ni treni. Baba yake ana kaseti za video ambazo picha hizo hizo zinatembea, na humo pia ni treni. Tuliangalia moja nikikunja nguo. Mvulana alikimbia, koti likapepea, nikaona nafasi yangu kabisa.

Kisha Kumiko akauliza kwa nini nisimwambie tu Nashon kwamba nitakwenda. Watoto! Wanasoma vitabu hawavielewi.


Jumamosi, 22 Desemba

Naandika mambo kama yalivyokuwa.

Nilifika stesheni saa kumi na moja kamili, treni ikiwa ya saa kumi na mbili. Nikajificha nyuma ya magunia ya viazi. Nashon alikuwepo tayari, suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe. Tikiti mbili mkononi. Alitazama mlango wa kuingilia. Akatazama saa. Akatazama mlango tena. Kila mwanamke mwenye gauni la bluu kama langu alipotokea alinyanyua shingo, halafu akaishusha. Saa nzima. Mimi nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake. Mwenye viazi akaniuliza namwogopa nani. Nikamwambia nafuata utaratibu.

Caren naye alikuwepo, ameleta mfuko wa sukari apelekewe mama yake. Akaingia behewani kuupanga.

Filimbi ikalia. Nashon akapanda wa mwisho kabisa, uso kama mtu aliyetoka mazishini. Magurudumu yakaanza. Hapo ndipo nilipotoka! Nilikimbia, gauni likapepea, watu wakapisha. Nikaita jina lake. Akaniona! Sijawahi kuona uso ukiwaka vile. Akasimama mlangoni, akashika chuma kwa mkono mmoja, mwingine akaninyoshea. "Panda! Nafuna, panda, nimekushika!"

Nikasimama.

Wa kuruka ni yeye. Mimi ndiye mkimbiaji. Anaruka chini, analia, tunakumbatiana. Nikamwonyesha kwa kidole: shuka. Yeye akaniita kwa mkono: njoo. Mimi, shuka. Yeye, njoo. Treni haikutusubiri tuelewane. Kwa hivyo nikatia mkono mfukoni, nikanyanyua kidevu.

Kitu cha mwisho nilichoona ni Caren, bado yumo ndani, amesimama nyuma yake na mfuko wa sukari. Angeweza kushuka, kulikuwa na nafasi. Siku zote huanguka. Leo hakuanguka.

Nilirudi Kabiro kwa miguu. Sijashindwa. Aliniangalia hadi treni ikapinda.


Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Lenah alinipa chapati mbili na mchuzi, akasema ukuta ameusamehe. Kisha akasema maneno ambayo sikuyaomba: kwamba mwanaume anayeponda udongo kwa miguu yake ni mmoja kwa ploti kumi, na kwamba mimi ni mjinga. Nilimwambia yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia mwisho wa hadithi.

Chapati zilikuwa nzuri. Chumba kimya sana.


Jumatatu, 31 Desemba

Barua! Imepitia kwa mwenye duka lile lenye veranda ya Nashon. Nimeisoma mara kumi na moja.

Nashon anaandika kwamba hajanikasirikia. Mama yake aliuliza tikiti ya pili ilikuwa ya nani, akamwambia ukweli, mama akacheka hadi akaketi chini, akasema msichana wa namna hiyo angependa kumwona. Basi anauliza kwa mara ya mwisho. Nimtumie telegramu, neno moja, ndiyo, na atakuja mwenyewe hadi Nairobi kunichukua. Lakini iwe kabla ya Jumapili. Caren yuko pale kwao kila siku tangu washuke, anachota maji, anapika, anamkanda mama mtu miguu. Jumapili wazee wa kina Caren wanakuja kuzungumzia ndoa, na kama mimi nimenyamaza, yeye naye atanyamaza na kuacha wazee waseme.

Nilivaa viatu vibaya, cha kulia kushoto, nikakimbia hadi posta. Nikapewa fomu. Nikashika kalamu. Nikaandika N.

Halafu akili ikanirudia. Kuna mtu ambaye sijamtaja humu hata mara moja, nami sijui nilimsahau vipi: Msichana wa Pili. Yumo kwenye kila kitabu. Hodari jikoni, wazazi wanampenda, karibu aolewe. Na kila mara, kila mara, hushindwa, ukurasa wa mwisho kabisa! Nilikosea kumwita Caren Mwangukaji. Huyu ni Msichana wa Pili mtupu! Kadiri anavyochota maji ndivyo anavyojimaliza. Mimi nikituma telegramu sasa nitamharibia Nashon nafasi ya kuja bila kuitwa, mbio, akiwakimbia wazee wote, aje apige magoti hapa Kabiro. Nilicheka peke yangu pale posta.

Nikaikata ile N, nikamrudishia karani fomu. Alinitazama machozi yananitoka, akauliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, ni furaha tu, Jumapili naolewa. Akanipa pole hata hivyo.