Vita vya Levina na Fuko wa Mashariki ya Njia

Sogeeni, enyi wana wa Unyanyembe, tegeni masikio niwasimulie tukio ambalo mbele yake vita vyote vya mababu ni mchezo wa kombolela: jinsi Levina binti Gerson, msomi wa vinasaba, mbeba vichupa, alivyomkabili fuko wa Ntalikwa. Si yule fuko uchi wa Kenya anayesifiwa dunia nzima. Huyu ni wetu, ana manyoya yake na hasira zake.

Miaka mitatu shujaa alisaka jibu moja: je, njia ya kale ya misafara, iliyoshindiliwa na nyayo za wapagazi ikawa ngumu kama sakafu, imewatenga fuko wa huku na wa kule wakawa koo mbili? Vichupa kumi na kimoja vya ngozi ya fuko wa magharibi alikuwa navyo. Cha mashariki hakuwa nacho hata kimoja, na kibali chake cha utafiti kilikuwa kinaisha jioni ile.

Akaingia shamba la Mama Pelagia, mtawala wa matuta arobaini ya viazi, lililo mashariki ya njia.

"Shikamoo, mama! Niruhusu nipambane na adui yako, nimkate ngozi kiasi cha punje ya mtama, nipate shahada!"

"Marahaba, mwanangu. Mkate hata kichwa, amenimalizia viazi."

Basi akafukua tundu, akangoja na jembe mkononi, maana fuko havumilii upepo nyumbani kwake, lazima aje kuziba. Kwa muda wa saa mbili jua lilimchoma kisogo bila haya. Ghafla udongo ukatikisika, jembe likashuka, tundu la kurudia likafungwa! Levina akamdaka, fuko akamng'ata kidole. Shujaa akapiga yowe la kutisha majeshi, lakini hakumwachia. Ngozi ikaingia kichupani, na Levina akalia kwa furaha.

Mama Pelagia akamkamata fuko shingoni, akamrusha ng'ambo ya njia.

"Mama! Unafanya nini?"

"Kuua mwenyewe siwezi, nina huruma. Tangu niolewe nawatupa kwa jirani yangu wa magharibi ya njia, Mzee Modest. Naye akiwapata kwake hunirushia huku. Tumeshazoeana."

Levina akaketi juu ya tuta, akavitazama vichupa vyake kumi na viwili, asijue tena kipi ni cha upande upi. Mimi nilimwonea huruma, kusema kweli.

Lakini wanahistoria na waandike kwa wino mzito: siku hiyo Levina binti Gerson alimteka fuko wa mashariki, wa kwanza na wa pekee, ingawa huenda mwenyewe aliingia mashariki juzi tu, akipitia angani.