King'ora cha Kufukuza Kiboko

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kiboko ametoka ziwani tena. Amekula sukuma wiki ya mke wangu Selpha kama mgeni aliyealikwa. Selpha amekaa shambani. Ananitazama tu. Afadhali angenitukana! Basi kwenye kikundi cha wakulima wa ufuoni nimesimama na kutangaza kwamba nimeunda king'ora cha kufukuza viboko. Makofi! Jirani yangu Ajwang, mwalimu mstaafu wa fizikia, hakupiga. Wivu. Sasa imebaki kukiunda.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua vifaa vya umeme dukani kwa Ankit, mjini. Ameniuzia bredibodi: ubao wa plastiki wenye matundu, unachomeka nyaya bila kulehemu. Akaonya kwamba ni ya majaribio tu. Nimemwambia umri wa majaribio nilishaupita. Nyumbani kimelia! Kisha nikapiga chafya, waya ukachomoka. Nikauchomeka. Selpha akafunga mlango, nyaya zote zikachomoka.

Jumatano, 5 Machi
Ugali! Nimeukandika ukiwa moto juu ya nyaya. Umekauka kama saruji. Nikaita kikundi. Kabla sijabonyeza swichi, jogoo ameruka mezani, akadonoa, akameza taa ndogo nyekundu. Nimewaeleza kwamba hayo yalipangwa. Mama Lorine, mwenyekiti wetu, akauliza kama jogoo ndiye atakayelia.

Alhamisi, 6 Machi
Ajwang amekuja bila kuitwa. "Bwana Oyugi, kata miguu ya vifaa iwe mifupi, nyaya zilale. Waya wa king'ora ufunge kwenye kipande cha mbao, usivute nyaya nyingine. Na king'ora chenyewe kiweke mbali, kinatikisa ubao. Ukishajaribu, lehemu." Nimemshukuru kwa ubaridi. Alipoondoka nikamwaga supaglu, chupa nzima. Sasa hakuna kinachochomoka. Hakuna kinachowaka pia, gundi imejaa matunduni. Kidole gumba changu nacho hakichomoki! Nimekwenda kwa kikao cha kanisa na ubao mkononi. Nimesema ni zawadi ya pasta. Pasta akanyoosha mkono kuipokea. Selpha amenibandua kwa maji moto na sabuni, akicheka mpaka machozi.

Jumamosi, 8 Machi
Bredibodi mpya. Nimeifunga kwa mipira ya nywele ya Selpha, king'ora juu yake. Jana magharibi kiboko akaja, mkubwa kama tangi la maji. King'ora kikalia, kikajitikisa, kikajizima. Basi nikalia mimi. Uuuwi! Kiboko akaniangalia, akaendelea kutafuna. Nikapanda mpapai. Mpapai ukavunjika, tukaanguka kwa kishindo, mimi na mapapai yote. Kiboko akatimua mbio hadi majini! Selpha akaja mbio, akanishika kichwa. "Baba Byron, sukuma hupandwa tena. Wewe je?" Nimeguswa.

Jumapili, 9 Machi
Kikundi kimemchagua Ajwang aweke king'ora alichokiunda mwenyewe kwenye kila shamba. Amekilehemu. Kimepigwa teke, kimeangushwa, bado kinalia. Haidhuru. Wakati wa mahubiri nimetafakari kwa unyenyekevu, nikaliona kosa langu: nilitumia gundi ya dukani. Kesho nakwenda kiwanda cha sukari cha Muhoroni kuchukua molasi, ule uji mweusi mtamu unaonata. Mtungi mzima! Nitaumiminia ubao wote, nyaya zinase milele, halafu niuweke katikati ya sukuma. Viboko hawapendi vitu vitamu. Nadhani.