Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Febronia mke wangu ameuza ng'ombe. Ng'ombe wake mwenyewe, wale aliopewa na marehemu baba yake, wala hakuniomba ushauri. Fedha ameziweka mezani, akasema Baba Yunisi, kanunue gari. Mimi! Tangu nipunguzwe kazini pale stesheni ya Manyoni, hakuna aliyenituma kununua kitu kikubwa kuliko kiberiti.

Sababu ni mama yake. Mama mkwe ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anatambua mchana na usiku, basi. Daktari wa macho hufika hospitali ya Kilimatinde mara moja kwa mwaka, na safari hii ni Ijumaa. Orodha inafungwa saa sita mchana. Ukichelewa, rudi mwakani.

Mwaka jana alikwenda. Melkiori alimpakia nyuma ya pikapu yake, juu ya godoro, kutoka Kintinku mpaka huko Kilimatinde, juu mlimani. Vumbi la Septemba! Mama alifika macho yamevimba, mekundu, daktari akakataa kuyagusa. Huyu Melkiori ni mwanyumba wangu, kaoa dada yake Febronia. Anakaa Kintinku, jirani na mama mkwe. Pikapu yake anaitaja kabla hajasalimia.

Kwa hiyo Febronia ana masharti. Gari lifungike vioo vyote. Liwake kila asubuhi. Na liwe otomatiki. Hilo la otomatiki ndilo kubwa, maana mimi siwezi kumwendesha mama mkwe. Mkwe ni mkwe! Kwao Wagogo, na hata kwetu Wanyaturu, hujifungii na mama wa mkeo ndani ya kibati kimoja mkapumuliana. Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kumtazama usoni. Ataendesha Febronia. Hajawahi kushika usukani, lakini otomatiki haina klachi, atajifunza kwa siku moja.

Amesema mama akikosa safari hii, basi tena. Amesema bila kupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumanne, 10 Septemba

Singida mjini. Zamani gari mpaka kibali, na kibali mpaka umjue mtu. Sasa ruksa! Magari ya Japani yamejipanga kwa dalali Paskali, unachagua kama nyanya.

Otomatiki zilikuwa mbili tu za uwezo wetu. La kwanza dogo, jeupe, limekwaruzwa mlangoni. Vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mahali pa redio pana tundu. Likawaka kwa mguso wa kwanza. Nikaliona kama gari la mtu aliyekata tamaa.

La pili refu, rangi ya asali, mlango mkubwa nyuma. Vioo vya umeme! Unabonyeza kitufe, kioo kinashuka chenyewe. Unabonyeza tena, kinapanda. Redio ya kaseti. Saa ya kijani inayowaka. Nilikaa ndani nikabonyeza vioo vyote vinne, tena na tena. Paskali alikuwa ananieleza kitu kuhusu betri. Sikumsikia vizuri, nilikuwa kwenye kioo cha nyuma kushoto.

Nikamwambia nitalifikiria usiku. Jioni akanifuata mpaka gesti na soda mbili baridi, akasema kuna mwalimu wa Kiomboi anakuja kulichukua alfajiri. Mwalimu wa Kiomboi! Nikalipa hapo hapo.

Melkiori atapasuka.

Jumatano, 11 Septemba

Nimelileta Manyoni salama. Karibu salama. Tatizo ni mguu wa kushoto. Umezoea klachi. Kila nikikaribia tuta au mbuzi, mguu wenyewe unaruka, unakanyaga breki kwa nguvu zote, na mimi pua kwenye usukani. Mama mmoja niliyempa lifti na kuku wake alishuka njiani, akasema anapenda kutembea.

Febronia amelizunguka gari mara mbili. Ameuliza kama kulikuwa na jingine. Nikasema lilikuwepo moja, bovu bovu. Akauliza kama Paskali alinifuata au mimi nilimfuata. Nikasema alinifuata, tena na soda. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akaingia ndani kukoroga ugali.

Nimebonyeza vioo mbele ya majirani mpaka giza.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi nimemfundisha Febronia uwanja wa mpira. Inauma kuandika hivi: anajua! Hana klachi ya kusahau. Mguu mmoja, anakanyaga taratibu, gari linakwenda kama linaongozwa na malaika. Watu wakapiga makofi. Nikawaambia mwalimu wake ni mimi. Akaniuliza ile herufi L karibu na kiti ni ya nini. Nikamwambia aachane nayo, ni mapambo.

Mchana tumeshuka Kintinku, yeye akiendesha. Mama mkwe alikuwa nyumbani, tayari amefungasha. Nikamsalimia kutoka nyuma ya zizi, nimempa mgongo, shikamoo mama. Akaitika marahaba, kisha akamwambia Febronia aniulize kama gari linafungika. Nikamwambia Febronia amwambie linafungika kwa umeme.

Jioni kijiji kizima kimekuja. Kumbe ndivyo anavyojisikia Melkiori siku zote! Nikazima injini nisimalize petroli, nikawasha redio. Kaseti upande wa kwanza, kaseti upande wa pili. Vioo chini, vioo juu. Wazee wakaomba wabonyeze wenyewe, nikawaruhusu kwa zamu. Taa nikaziwasha pia, ili waone kitufe.

Melkiori alisimama pembeni, mikono nyuma. Akasema, mwanyumba, utaiua betri hiyo. Wivu! Nikaongeza sauti ya redio. Baadaye ikaanza kukoroma, nikajua kaseti ni mbovu.

Kioo cha nyuma kushoto kimegoma kupanda. Kitapanda asubuhi.

Ijumaa, 13 Septemba. Naandikia Kilimatinde

Mungu wangu.

Asubuhi mama mkwe kaingizwa kiti cha nyuma, kitenge kichwani, ameshika kikapu chake. Febronia akageuza ufunguo. Gari likasema tk. Akageuza tena. Tk. Kioo kile bado kimekaa chini, upande ule ule wa mama, na upepo umeshaanza kupeperusha vumbi.

Sikutetereka. Nani katika nchi hii hajawahi kusukuma gari? Lori tumesukuma. Basi la kwenda Singida tumesukuma sote na nguo za Pasaka. Nikaita wanaume, wakaja kumi na zaidi. Melkiori akasema otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata muisukume mpaka Dodoma. Akasema alete pikapu yake, tuunganishe nyaya, betri kwa betri.

Betri ya Melkiori! Nimwone mwaka mzima akisema gari la Zefania linanyonya kwenye pikapu yangu? Nikasema sukumeni!

Hapo kukawa na shida ya heshima. Kioo cha nyuma cha gari kinatazamana na kisogo cha mama mkwe. Siwezi kusukuma huku namkodolea macho. Basi nikasukuma kwa mgongo, makalio kwenye buti, uso kwa watu. Wanaume wakacheka mpaka wakakosa nguvu. Tulisukuma mpaka kisimani. Tk. Tukasukuma mpaka kwenye reli. Tk. Nikasema hatujafika mwendo wake, ongezeni! Tukaongeza. Febronia akakanyaga breki ghafla na mimi nikaanguka chali katikati ya mavi ya ng'ombe.

Jua likawa linapanda. Nilimsikia mama mkwe anamuuliza bintiye kwa Kigogo kama wameshafika.

Febronia akashuka. Alikuwa analia, lakini sauti haikutikisika. Akasema mbele ya watu wote kwamba ng'ombe wa baba yake wamekwisha, na mama yake amekaa gizani miaka minne, na kama leo orodha itafungwa bila jina la mama yake, yeye harudi Manyoni. Atabaki hapa Kintinku na watoto wake, na mimi nikaishi na vitufe. Kisha akamgeukia Melkiori, akamwambia, shemeji, leta nyaya.

 

Pikapu ikaja, boneti zikafunguliwa, nyaya zikaunganishwa. Gari likanguruma mara moja. Yaani mara moja! Febronia akabonyeza kitufe, kioo cha mama kikapanda polepole mpaka juu, na watu wakashangilia kama goli limeingia. Akaondoka bila kunitazama. Ndani hamna nafasi yangu, mkwe yumo. Mbele kwa Melkiori amekaa mkewe na mizigo. Nikapanda nyuma ya pikapu, pale pale kwenye godoro la mwaka jana.

Vumbi lao lote nimelila mimi.

Kwenye kona kali ya mlima gari la asali likapunguza mwendo, likapunguza, likaanza kutetemeka, likasimama. Likataka kurudi nyuma! Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine unaona vibanda vya bondeni kama punje za mtama. Nikaruka, nikakimbia, nikafika kwenye dirisha la Febronia nimefunika macho kwa mkono nisimwone mama. Nikapiga kelele azime injini ipumzike! Zima! Zima!

Akanitazama. Akabonyeza kitufe. Kioo kikapanda mpaka juu, sauti yangu ikabaki nje. Kisha nikamwona anashusha ile fimbo ya gia mpaka mwisho, kwenye L, ile niliyosema ni mapambo, kumbe ndiyo gia ya kupandia mlima. Gari likavuta pumzi, likang'ata mlima, likaenda.

Melkiori kanipita akitabasamu. Nikadandia kwa shida.

Tumefika muuguzi anakunja karatasi yake. Febronia alimshika mkono mama, wakakimbia, mama haoni lakini alikimbia, na muuguzi akaikunjua tena. Jina likaandikwa. La mwisho kabisa. Daktari akayamulika macho ya mama, akasema masafi, anaweza kupasua.

Kisha muuguzi akaniona mimi mlangoni. Macho yangu yalikuwa mekundu kama pilipili. Akanikamata mkono, akaniketisha kwenye benchi la wagonjwa, akaniuliza nimeanza lini kutoona. Nilieleza. Hakunisikiliza. Amenisafisha, amenipaka dawa, amenifunga bandeji jicho la kushoto. Naandika kwa moja.

Jumapili, 15 Septemba

Mama mkwe amefunguliwa jicho. Anaona!

Sikuwepo chumbani, heshima. Nilikuwa nje chini ya dirisha. Nilimsikia akimwita Febronia kwa jina la utotoni, halafu akasema binti yake amezeeka. Febronia akacheka na kulia pamoja. Na mimi nikalia, kwa jicho lile lililo wazi, maana lile lingine limezuiliwa. Machozi hayo siyaonei aibu.

Nikajiambia, Zefania, gari lako hilo. Nani alilichagua? Paskali alikuwa na mawili.

Mara mama mkwe akasogea dirishani kutazama dunia. Loo! Nikajitupa nyuma ya mapipa ya maji. Wakati haoni nilikuwa napita popote, mradi nisikohoe. Sasa ananiona toka mbali kama mwewe! Mchana nimejificha nyuma ya mapipa, nyuma ya kanisa, nyuma ya mzee mmoja wa Itigi mwenye koti pana. Jioni akatuma ujumbe kupitia Febronia: mwambie mkwe wangu asiteseke, nimeshamwona tangu asubuhi, miguu ilikuwa nje.

Jumatano, 18 Septemba

Manyoni. Bandeji imetoka. Funguo za gari anazo Febronia, amezifunga kwenye pindo la kitenge, na hapo sifikii. Jana amewapeleka mjamzito na nesi Kilimatinde, akalipwa. Watu wanaliita gari la Mama Yunisi. Sawa.

Lakini jambo limezuka. Daktari amesema mama mkwe akae karibu atazamwe jicho, kwa hiyo anahamia kwetu mpaka mvua zianze. Kwetu! Vyumba viwili na ua! Nitaishi nyuma ya choo? Kila safari yeye garini, mimi njiani kwa miguu, na sasa ananiona nikitembea.

Nimefikiri kwa siku mbili. Nimepata. Leo nimempigia Paskali simu kutoka posta. Analo gari moja refu, otomatiki, lenye vioo vya giza na pazia katikati, wa mbele hamwoni wa nyuma na wa nyuma hamwoni wa mbele. Mkwe na mkwe, gari moja, heshima kamili! Yupo tayari kubadilishana na la asali, niongeze kidogo tu. Mwalimu wa Kiomboi naye analitaka, lazima niwahi. Febronia nimemwambia kesho naomba gari niende Itigi kutafuta asali ya kuuza. Amenitazama sana, lakini pindo amelifungua.

Paskali, kwa uungwana wake, hakunificha kasoro. Ni moja tu: asubuhi huwa zito kuwaka. Nikamwambia kwa hilo asiwe na wasiwasi hata kidogo, huku kwetu watu wa kusukuma wapo.