Gaidi wa Maporomoko ya Chepkirong

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mama yake Dorine, Mama Syprose, amefika! Ametoka Homa Bay na kikapu cha samaki wakavu, mwavuli, na macho yanayopima watu.

Nilimkuta dukani kwa Dorine, pale Kapkatet, Dorine anaposhonea watu sare za shule. Nilikuwa nimepeleka suruali ipunguzwe kiuno. Suruali haikuwa na shida. Hakuna suruali yangu iliyowahi kuwa na shida, ila kwa sababu ya kutafuta kisingizio cha kumwona Dorine, sasa zote zinanibana.

Nyang'au naye alikuwepo. Bila shaka! Nyang'au anauza mabati na misumari ng'ambo ya barabara, na ana pikapu. Hawezi kukusalimia bila kutaja pikapu. Mama Syprose akasema kuna kitu kimoja tu anataka kabla hajarudi nyumbani: kuyaona maporomoko ya Chepkirong, yale matatu yanayofuatana kwenye mto mmoja, ambayo redio imeyasifu mpaka yeye amechoka kuyasikia tu. Nyang'au akasema ana pikapu. Dorine akatabasamu. Kwa ajili ya pikapu!

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema mimi ndiye gaidi wa kule.

Mama akavuta mkoba wake karibu na tumbo. Dorine akamweleza haraka kwamba Clifford ana maana ya guide, mtu wa kutembeza wageni, si mtu wa bunduki. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Basi Ijumaa," akasema, "gaidi atanitembeza."

Ushindi! Kuna shida ndogo tu. Sijawahi kufika Chepkirong. Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha chai. Ninachokijua vizuri ni magunia.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango umeiva. Nitakwenda Chepkirong kama mgeni, nitembezwe, nirekodi kila neno kwa simu, halafu Ijumaa niyaseme kama yangu. Rahisi!

Nikamwambia Bwana Robert, msimamizi wangu, kwamba jino linaniua. Akauliza lipi. Nikamwonyesha la kushoto. Nilipotoka nikawa nimeshika shavu la kulia. Sidhani aliona.

Nilivaa miwani ya jua. Jua halikuwepo. Pale getini kuna mwongozaji mmoja tu, mama wa makamo anayeitwa Chepchirchir, mwenye gambuti za mpira miguuni na fimbo ndefu. Akanisalimu "chamgei." Nikajibu "fiti sana" ili ajue mimi ni mtu wa Nairobi. Akaniangalia viatu. Akasema twende.

Safari yenyewe ni fupi. Mnakata katikati ya majani chai, mnaingia msituni, mnashuka. Poromoko la kwanza ni pana na la upole, kama pazia. Nikarekodi. Poromoko la pili lina kelele. Nikarekodi. Halafu, kwenda la tatu, unavuka mto.

Kwa magogo mawili! Yamelazwa juu ya maji, na waya wa kushika upande mmoja. Chini yake maji yanachemka meupe. Niliweka mguu mmoja. Ule mguu ukarudi wenyewe.

Nikamwambia Chepchirchir nimeona ya kutosha. Akasema poromoko la tatu ndilo lenye sifa zote, watu hutoka mbali kwa ajili ya hilo. Nikasema sisi wa Nairobi hupenda kuacha kitu cha kurudia.

Nimefika nyumbani, nimesikiliza. Balaa! Ni shaaaaaaa mwanzo hadi mwisho. Maji yamemeza maneno yote. Kinachosikika ni mahali pamoja tu, kwenye magogo, sauti yangu ikisema, "Yesu wangu, Yesu wangu."

Jumatano, 6 Agosti

Mwenye akili hashindwi na kelele za maji. Pale ninaposikia shaaaa nitatia maneno yangu mwenyewe. Poromoko la kwanza: hapa mzungu mmoja alipoteza kofia, akalia, akarudi kwao. La pili: maji yake yakinywewa asubuhi huongeza uzao wa ng'ombe. La tatu: nitaona nikifika.

Nilifanya mazoezi mbele ya jirani yangu Gesare, anayeuza sukuma wiki. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama nanunua kitu au vipi.

Sasa Nyang'au. Nimesikia amemnunulia Mama Syprose gambuti mpya, nyekundu! Yule mtu hana haya. Nikapita dukani kwake kirafiki. Nikamwambia, kwa siri, kama kaka yangu, kwamba picha za maporomoko hutoka vizuri sana kama mtu amevaa nyeupe tupu. Nikamwambia Dorine anapenda picha. Akanishika mkono, akaniita ndugu wa kweli. Nusura nimwonee huruma. Matope ya kule ni mekundu kama gambuti zake.

Alhamisi, 7 Agosti

Bwana Robert ameniletea karafuu kwa ajili ya jino. Akasimama palepale mpaka nikazitafuna zote. Ulimi wangu umekufa ganzi. Nilipiga hesabu ya magunia kwa vidole.

Lakini habari njema! Nilimpigia Chepchirchir simu kwa namba iliyoandikwa getini, nikafanya sauti nene, nikauliza kama Ijumaa yuko. Akasema Ijumaa hayuko, anakwenda Merigi sokoni. Njia nyeupe! Nilikata simu nikacheza kidogo kando ya jiko.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nyang'au alikuja na suti nyeupe. Nyeupe yote, hadi viatu. Nilitegemea achekwe. Dorine akasema, "Haki Nyang'au, umependeza kama bwana arusi." Bwana arusi! Mimi ndiye niliyemvalisha!

Mama alikaa mbele na gambuti zake nyekundu, Dorine katikati. Mimi nyuma ya pikapu, pamoja na mabati.

Tukafika getini. Nani yuko pale na fimbo yake? Chepchirchir! Ng'ombe wake ameanza kuzaa asubuhi, kwa hiyo soko limemshinda. Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Akanitazama. Akatazama watu niliokuja nao. Mama Syprose akamwambia kwa furaha kwamba tumekuja na gaidi wetu wenyewe, huyu hapa, anaijua Chepkirong yote.

Nilingoja aniumbue. Hakuniumbua. Alikunja uso kidogo, kama mtu anayetafuna kitu kitamu.

"Huyu?" akasema. "Sawa. Atangulie. Mimi nitafuata nyuma, nami nijifunze."

Na akafuata kweli! Hakuna kitu kibaya kama mtu anayekuelewa na kunyamaza.

Kwenye poromoko la kwanza nikasema habari za mzungu na kofia. Mama akauliza ilikuwa kofia ya namna gani. Nikasema ya majani. Mama akamgeukia Chepchirchir kuuliza kama alishawahi kuisikia hiyo hadithi. Chepchirchir akasema hapana, leo ndiyo mara ya kwanza, na ni tamu sana. Kwenye poromoko la pili nikasema habari za maji na uzao wa ng'ombe. Chepchirchir akasema kumbe, basi angemnywesha wake mapema.

Tukafika kwenye magogo.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kazi kwamba hapa kwa kawaida mwongozaji hubaki upande huu kulinda njia. Dorine akauliza kulinda njia dhidi ya nani. Nikasema dhidi ya nyani. Hakukuwa na nyani.

Mama Syprose akavuka kama anaenda jikoni. Dorine akavuka. Nyang'au akavuka akiwa ameinua suruali kama mtawa, na nikaanza kukata tamaa, lakini alipokanyaga ng'ambo mguu ukateleza. Akakaa chini, akateremka kwa makalio hadi ukingo wa maji! Aliposimama, mbele alikuwa bwana arusi na nyuma alikuwa tofali. Hiyo ilikuwa dakika yangu bora ya wiki nzima. Dorine akamkimbilia. Akatoa kitambaa chake, akaanza kumfuta. Dakika yangu ikaisha.

Nikabaki peke yangu na Chepchirchir. Nikamwomba kwa sauti ndogo aseme chochote, aseme leo magogo ni mabovu. Akasema magogo hayana kosa lolote, mwenye kosa ni mwingine. Halafu akavuka na yeye.

Mvua ikaanza. Kutoka ng'ambo Mama Syprose akapaza sauti: "Clifford! Njoo! Mimi siendi kuona kitu bila gaidi wangu!"

Nikasema nitakuja. Sikwenda. Akapaza sauti tena. Nikasema nyani. Hapo yule mama akafungua mwavuli wake, akarudi juu ya magogo, polepole, mwavuli juu na gambuti nyekundu chini, mpaka akanifikia. Hakunicheka. Alinishika mkono kwa nguvu kama mtoto anayevushwa barabara.

"Baba yake Dorine," akasema, "aliogopa kuku. Kuku tu. Tukaishi naye vizuri mpaka Mungu alipomchukua. Funga macho. Ukiona giza, imba."

Nikafunga macho. Nikaimba. Niliimba wimbo wa Sunday school, wa watoto wadogo, kwa sababu ndio pekee uliokuja. Gogo lilitingishika. Maji yalinirukia vifundoni. Nilisikia Mama akiniitikia kiitikio. Nilipofungua macho nilikuwa nimesimama kwenye nyasi, na Nyang'au anapiga makofi. Alikuwa anapiga kweli, si kwa dharau. Hilo nimelikasirikia hadi sasa.

Halafu poromoko la tatu. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, jambo fulani kuhusu malkia. Tukazunguka jiwe, nikaliona.

Maji yanaanguka kutoka juu sana, juu kuliko mikaratusi, na kabla hayajafika chini yanakuwa moshi. Mvua ilikuwa inapita na jua likatoka upande mmoja, basi ule moshi wote ukang'aa. Mama Syprose alivua kitambaa cha kichwa, akasimama aloweshwe. Akasema kitu kwa Kijaluo, kidogo kidogo, nadhani alikuwa anamwambia mumewe. Nilisahau malkia. Nilisahau Nyang'au. Sikusema neno.

Dorine alikuja akasimama kando yangu. Akasema leo nzima hajanisikia nikinyamaza, na kwamba nikinyamaza napendeza. Napendeza! Amesema!

Ningeachia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini tuliporudi getini (nilivuka tena kwa mkono wa Mama, wimbo uleule) tukakuta kundi la walimu kutoka Londiani wanatafuta mwongozaji. Chepchirchir akaninyooshea fimbo yake.

"Huyu hapa," akasema. "Mimi nina ng'ombe anazaa."

Walimu wote wakanigeukia. Dorine akanigeukia. Nikashika ile fimbo. Naapa nilikuwa karibu kusema karibuni sana. Mama Syprose ndiye aliyeichukua mkononi mwangu na kumrudishia mwenyewe.

"Huyu hapana," akawaambia. "Huyu akiona mto anafunga macho."

Walicheka wote. Chepchirchir akacheka zaidi, akaniuliza Nairobi hawajambo. Ikabidi Dorine aelezwe Nairobi ya nini. Akaelezwa. Kila kitu, na miwani pia.

Nilirudi nyuma ya pikapu. Nyang'au alikuja kukaa nyuma nami, kwa sababu ya ile suruali, akampa Dorine usukani. Kumbe Dorine anajua kuendesha! Njia nzima Nyang'au alinishukuru kwa ushauri wa nguo nyeupe. Amesema zile picha za mbele zimetoka safi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikutoka nyumbani. Gesare alipita akauliza kama ni kweli niliimba. Habari zinakimbia kuliko pikapu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Mama Syprose alinikamata mlangoni, akaniambia nije kwa Dorine ninywe chai. Nilidhani naenda kuhukumiwa. Nilivaa suruali inayobana kuliko zote, kama adhabu.

Nyang'au hakuwepo! Ana wateja wa mabati Sotik.

Dorine akanimiminia chai, akakaa. Akaniambia waziwazi: hahitaji gaidi, hahitaji pikapu, ataendesha ya kwake siku moja. Anachotaka ni mtu ambaye akisema kitu, kitu hicho kipo. Akasema mama yake amenipenda, Mungu peke yake ajua kwa nini. Akasema yeye pia, pengine, kidogo, kama nitaacha uongo. Nikauliza kidogo kiasi gani. Akasema nisiharibu.

Nikaapa! Nilisimama nikaapa, mkono juu. Kuanzia leo, ukweli mtupu. Kama sijui, nitasema sijui. Na nilimaanisha, kabisa, kutoka moyoni. Dorine akacheka, akaniongezea mandazi. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo tangu nizaliwe.

Mama akasema basi Desemba nije Homa Bay na Dorine, wanione kule nyumbani. Halafu akasema, kwa kupita tu, huku akipuliza chai, kwamba wakati huo watakuwa wanatayarisha shamba na vijana wote wamekimbilia mjini. Akauliza kama najua kulima kwa ng'ombe.

Nikasema tangu utotoni.

Macho ya Mama yaling'aa! Akasema shamba lote ni langu. Dorine alinitazama kwa muda, lakini nilikuwa nimeshaeleza jinsi ninavyopenda kutumia ng'ombe wanne, wale wakali wakali, kwa sababu wapole hunichosha.

Lakini huu si uongo. Uongo ni kitu ambacho hakitakuwepo. Hiki kitakuwepo, Desemba iko mbali. Na ni ng'ombe tu! Wao wanakwenda mbele, wewe unakwenda nyuma. Ugumu uko wapi?

Kesho nitamuuliza Gesare: wakishaanza kutembea, husimamishwa vipi?