Tetemeko na Baraza la Kombo

Jumatatu, 3 Juni
Tetemeko jana adhuhuri. Dogo. Vyombo vya mke wangu Semeni vililia kabatini, paka akapanda juu ya friji, basi. Mtaa mzima wa Nguvumali ulitoka nje. Semeni alitoa shahada, mimi nilitafuta kandambili. Hakuna aliyeumia. Ila ukuta wa mbele wa jirani yangu Kombo umepata ufa, juu ya baraza lake hasa. Mungu anisamehe, nimeupenda.

Miaka yote Rama muuza kahawa hutua birika lake kwa Kombo, na wazee wote huko huko. Baraza langu limesakafiwa upya, lina kivuli. Wanalikalia kuku.

Jumanne, 4 Juni
Kaja mhandisi wa kukagua nyumba, binti, anaitwa Leticia. Anagonga kuta kwa nyundo ndogo na kutega sikio kama daktari. Kisha kila nyumba anaiwekea alama ya rangi. Kijani, lala. Njano, jihadhari. Nyekundu, toka. Kanipa shikamoo, nikamwongoza mwenyewe hadi kwa Kombo. Nikamwambia ukuta ule una nia ya kuua mtu. Kachokonoa, akasema ni lipu tu, mawe ya ndani yameshikana. Hata hivyo kakandika kiraka cha jasi kukatiza ufa. Kiraka kikipasuka, ukuta bado unatembea. Kombo kapata njano. Mimi kijani.

Kombo akaniuliza, "Mzee Mudathir, tangu lini unanionea huruma?" Wazee wakacheka, mmoja kahawa ikamtoka puani.

Jumatano, 5 Juni
Alasiri wote msikitini. Mimi goti linauma. Goti likanipeleka kwa Kombo na msumari wa inchi nne. Kiraka kimepasuka vizuri, mstari mmoja. Goti limepona. Nikafukuza kuku, nikafagia, nikatandika mkeka mpya.

Alhamisi, 6 Juni
Binti karudi, kaona kiraka, kakunja uso. Nyekundu. Si ile X ya bomoabomoa, alieleza, ni ya kutolala ndani wala kukaa chini ya ukuta mpaka aupime upya. Rama akabeba birika, akalitua kwangu. Wazee wakafuata. Nikakaa katikati, nikasimulia mambo ya mpakani Horohoro enzi zangu. Raha!

Ndipo Semeni akatoka na kutangaza mbele ya kadamnasi kwamba jirani halali nje, Kombo na mkewe wahamie chumba chetu cha mbele. Hakuniuliza. Watu wote wananitazama. Nikasema karibuni. Mdomo ulisema wenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Mgeni hawekwi pembeni. Kombo kakalia mahali pangu, kaegemea mto wangu, anasimulia tetemeko kana kwamba alilileta yeye. Supu ya pweza anaanza yeye. Wazee wakija anawapokea yeye. Nimetoka chooni, akanipokea na mimi.

"Karibu, Mzee Mudathir. Usione haya, hapa ni kama kwako."

Jumamosi, 8 Juni
Nimetafuta ufa nyumbani kwangu. Hakuna, nyumba nzima kama yai. Basi nikachonga mmoja pembeni mwa dirisha la chumba anacholala Kombo, mshazari, unapanda kama ngazi kufuata maungio ya mawe. Kazi safi. Nikamwita binti. Hesabu yangu: atafunga chumba kile kimoja, Kombo ataondoka.

Binti kagonga. Jiwe zima likamwangukia kiganjani, likafuatwa na mwenzake, na boriti ya juu ya dirisha ikalegea. Akauliza nani kagusa hapa. Nikasema tetemeko. Akaniangalia sana.

Nyekundu, nyumba yote.

Jumapili, 9 Juni
Tumehamia kwa jirani yetu Sadalla, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi, Semeni, Kombo, mkewe na kuku. Rama alitutangulia na birika. Semeni hasemi nami, anasema na kuku. Baraza la Sadalla refu, linapata upepo mzuri. Kombo keshakaa katikati, anakaribisha watu. Mimi nimepewa kiti cha plastiki, juani.

Nimemuuliza Sadalla kwa upole kama nyumba yake imekwisha kukaguliwa. Kasema bado. Nikamwambia asihangaike, binti nitamleta mwenyewe.