Kupitia Jikoni kwa Mama Michelle

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeamka saa nne. Sikuwa na sababu ya kuamka mapema, na hata hiyo saa nne sikuona sababu yake. Senje Jescah, dada ya marehemu baba, mwenye nyumba hii ya Amalemba na mwenye chai ninayokunywa, ameniuliza tena mpango wangu ni upi. Kila mtu mzima ananiuliza hivyo tangu nivue joho la mahafali. Fundi viatu ameniuliza. Mchungaji ameniuliza akiwa bado amenishika kichwa akiniombea. Nimemjibu Senje kwamba natafakari. Amesema nitafakari nikiosha vyombo.

Mchana nilipita duka la dawa za mifugo kumwona Michelle, anayeuza pale. Sina mifugo. Nimenunua tena dawa ya minyoo ya kuku, nikaificha chini ya kitanda pamoja na zile nyingine. Nampenda Michelle, niliandike hapa kwa sababu mdomoni halitoki. Leo nilimkuta akicheka na Weldon, yule anayetembeza wageni kule msitu wa Isecheno, mwenye darubini shingoni hata akiwa sokoni. Alikuwa anamwigizia sauti ya ndege. Sauti ya ndege! Mtu mzima na ndevu zake. Nilichoka ghafla, nikarudi kulala.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata mpango. Senje angejua, angefurahi.

Nilikuwa kwa Swaibu, rafiki yangu wa Mumias mwenye duka la kinyozi karibu na soko. Ana televisheni ukutani, na leo alikuwa ameweka filamu ya mapenzi ya zamani, ya kuchekesha, ya watu wa nje. Kijana amemaliza chuo. Hajui aende wapi. Analala mchana. Nilijisogeza karibu na televisheni. Kijana anampenda binti fulani lakini hasemi, badala yake anamfuata mama wa binti. Anambebea vikapu, anamfagilia ua, anamsukumia gari likizima. Mama anamzoea. Kisha mwanamume mwingine anakuja na ukoo wake kumchukua binti, watu wamejaa sebuleni, na kijana wetu anasimama katikati yao kupinga. Hapo ndipo stima ikapotea.

Sikuhitaji kuona mwisho, maana filamu za namna hii zina mwisho mmoja. Swaibu, mashine imemfia mkononi na mteja amenyolewa upande, alisema ingekuwa rahisi zaidi kijana amwambie binti mwenyewe. Swaibu ni mtu mwema ila hana mbinu.

Alhamisi, 7 Agosti
Shinyalu. Mama Michelle, jina lake Rosebella, anaishi huku; ni mjane na hana mtoto wa kiume. Nilimkuta peke yake uani akipukuchua mahindi. Nikasema mimi ni Lazarus, rafiki ya Michelle, na nilikuwa napita. Akauliza napita kwenda wapi, kwa sababu njia inaishia kwake. Akanipa gunia nilikalie.

Nimepukuchua mpaka vidole vikawaka moto. Mvua ya alasiri ilipokuja tulikimbia pamoja kufunika mahindi na turubai, nikateleza, akanivuta kwa mikono yote miwili. Baadaye nimekula obusuma, ugali wetu, na mboga jikoni, kwenye kigoda, ubavuni mwake. Alicheka sana nilipomwigizia Weldon akiigiza ndege. Naona kama nusu ya kazi imeisha.

Nilimsimulia Senje kwa majivuno. Aliuliza kama kweli nimeingia jikoni. Nikasema nimekula humo. Aliuliza kama nimemshika mkono. Nikasema yote miwili. Senje alikaa chini polepole. Akaniambia mwanamume wa kwetu anayemtaka binti humwogopa mama wa binti. Hamshiki mkono, hali naye, akimwona njiani humpisha, ndiyo heshima ya mkwe. Akauliza chuoni walinifundisha nini. Nikamjibu kwamba nimesomea elimu jamii na hata insha niliandika juu ya mila hiyohiyo, nikasifiwa, na nilihitimisha kwamba inafifia. Senje alisema insha haiozi binti. Watu wa zamani wana kazi kweli.

Jumamosi, 9 Agosti
Shinyalu tena. Nimezibua mfereji, nimepasua kuni, nimemkamata jogoo aliyenisumbua kwenye migomba mpaka suruali ikachanika. Mama Michelle aliishona nikiwa nimejifunga leso yake. Sasa ananiita mwana wanje. Mwanangu! Amenipa pia gambuti za mpira za marehemu mumewe, zinanibana lakini nilizivaa mchana kutwa. Kijana wa filamu hakupewa hata soksi.

Michelle alirudi kazini akanikuta nimejifunga ile leso, nanyonyoa jogoo. Alisimama mlangoni. Akaniuliza nimekuja kufanya nini hapa, kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kujibiwa. Nikafungua mdomo. Mama yake akaniita nichochee moto, nikaenda kuchochea. Niliporudi hakuwepo mlangoni. Si neno, mpango una hatua zake na hatua hii ni ya mama.

Tulipokaa kula, Mama Michelle alichukua firigisi ya ingokho, yule jogoo wangu, ile ambayo katika nyumba zetu huliwa na mwenye boma, akaiweka kwenye sahani yangu. Michelle aliiangalia ile firigisi, kisha akaniangalia mimi, kisha akainuka akaenda kulala bila kumaliza chakula. Nadhani alikuwa amechoka. Firigisi ilikuwa tamu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeumwa. Si mwili.

Nilikuwa naanika mahindi na Mama Michelle aliponiambia, kwa furaha, kwamba watu wa Weldon wanakuja Jumamosi kumposa Michelle. Weldon amemwomba binti tangu Pasaka, binti alikuwa anasitasita, Jumamosi iliyopita usiku, baada ya chakula, akakubali. Nilishika reki nikaendelea kusambaza mahindi ambayo yalikuwa yamesambaa tayari.

Kisha akaniomba jambo. Baba mdogo wa Michelle, mzee Sylvanus, ataongoza mazungumzo, lakini nyumba haina kijana wa kukaa kwenye kiti cha kaka. Je, nitakaa mimi? Nikakubali upesi. Kiti cha mbele kabisa, katikati ya watu! Hata kwenye filamu kijana ilibidi apite dirishani.

Swaibu alinisihi niende dukani leo hii, nimwambie Michelle kabla ya Jumamosi. Alisema atafunga kinyozi anisindikize. Nilimweleza kwamba kusema dukani, mbele ya magunia ya chakula cha nguruwe, hakuna uzito. Tena nikawaza kwamba dukani anaweza kukataa, na mbele ya watu atanionea huruma. Hilo sikumwambia Swaibu. Naogopa sana jibu la Michelle, ndiyo sababu nazunguka hivi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimepiga shati pasi, nikaliunguza, nikapiga lingine. Senje ameuliza naenda kesho kama nani. Nikasema kama kaka, kwa muda. Amesema hakuna kaka wa muda.

Jumamosi, 16 Agosti
Naandika haya nikiwa kitandani na viatu miguuni.

Walikuja wengi, wamevaa suti, na Weldon bila darubini. Alionekana mdogo bila ile darubini, na mwenye hofu. Mama yake Weldon, aitwaye Mama Simiyu maana Simiyu ndiye kifungua mimba wake, alikuwa amepanda viatu virefu visivyopenda nyasi. Na hapa ndipo nilipomkumbuka Senje: Weldon alipofika mlangoni na Mama Michelle akatokea, Weldon alirudi nyuma hatua nzima, akainamisha macho, asimpe mkono. Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Mimi wakati huo nilikuwa nimembebea Mama Michelle mkoba, na kidole chake kilikuwa kinanitoa makombo ya maandazi kwenye kola.

Mzee Sylvanus aliuliza kama yuko mwenye neno kabla hawajaendelea. Nikasimama. Nikasema napinga. Nikasema binti huyu hawezi kutolewa hivihivi, kwamba thamani yake wageni hawaijui, kwamba kuna watu wanaoijua na hawakuulizwa. Sauti ilinikatika, na hiyo haikuwa mbinu.

Kisha mzee Sylvanus akapiga fimbo sakafuni, uso umejaa furaha. Akawaambia wageni wamesikia wenyewe, kaka wa nyumba hajaridhika, na huyo si kaka wa kununuliwa na soda. Wageni wakaomba ruhusa, wakatoka kushauriana chini ya mvungunya, wakarudi wakasema wameongeza mtamba, na kaka atapata kanzu yake. Watu wakapiga makofi. Wazee wanasema hawajasikia kaka akipinga vizuri vile. Mama Michelle alinikumbatia mbele ya koo mbili, akatangaza kwamba Mungu alimnyima mtoto wa kiume akamletea mmoja mkubwa tayari. Hivyo ndivyo nilivyomuoza Michelle, na kwa bei nzuri.

Baada ya chakula nilikwenda nyuma ya jikoni nikae na kuni. Michelle akanifuata. Alisema:

"Lazarus, mimi nilikuwanga nangoja useme. Mtu hawezi nunua dawa ya minyoo hivyo na hana kuku hata mmoja. Nikajua ako na neno. Siku ile nilikuuliza mlangoni, ukaenda kuchochea moto."

Nikamwambia naweza kusema sasa. Akatikisa kichwa. Alisema mama ameshaniita mwanawe mbele ya watu, nimekula firigisi ya baba yake, na nani ataoa mahali ambapo anashonewa suruali. Alisema Weldon ni mtu mzuri na alimuuliza waziwazi. Halafu akanishika bega, akaniita kaka. Nililia, na moshi haukuwepo wa kusingizia.

Jumapili, 17 Agosti
Sikuenda kanisani. Senje aliniletea chai kitandani, na hilo lilinitisha kuliko maneno.

Jioni Swaibu aliniwekea mwisho wa ile filamu, kwa kudhani utanisaidia. Kijana anapinga, binti anamkataa, mama analia, kijana anaondoka na kikapu chake. Swaibu alizima televisheni akaniangalia akingoja. Nilikaa kwenye kiti cha kunyolewa nikafikiri kwa muda mrefu, kwa uchungu, nikaona kosa lilipo. Kijana wa filamu hakukosea njia. Alikosea mama.

Maana jana, wakati wageni wanaondoka, viatu vya Mama Simiyu vilizama kwenye matope. Kama kaka wa bibi harusi ilinibidi nimsindikize hadi barabarani. Nilimshika mkono, nikambebea mkoba na kiti cha plastiki alichokuwa ameazima. Ni mcheshi yule mama. Ana binti wa mwisho, Emily, aliyesimama kando ya gari akicheka na macho yake yote. Ana pia ekari ya majani chai na hana wa kumsaidia kuchuma, Weldon yuko msituni siku nzima na ndege wake.

Kesho naenda kuchuma. Gambuti ninazo. Jana alipoingia garini tayari aliniita mwanangu.